Mkasi Wangu na Uso wa Salumu Mbonde

Dunia nzima ilikuwa na picha moja tu ya Salumu Mbonde wa Kiongoroni, na mimi nikaikata kwa mkasi. Sikuikata kwa chuki, maana hata sikumjua. Niliikata kwa sababu alikuwa amesimama tu, hafanyi kitu, na mimi nilikuwa na haraka.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaopita kila siku mbele ya duka la saruji na mabati hapa Kibiti, mkaingia kununua misumari, bila kujua kwamba sakafu ile mnayoikanyaga ilikuwa ya sinema. Mimi ndiye niliyeendesha mashine yake tangu ilipofunguliwa mpaka ilipofungwa. Nina tabia ya kutenganisha mambo: nililoliona nasema nililiona, nililoambiwa nasema niliambiwa. Tabu ni kwamba mengi niliyoyaona kwa macho yangu ni ya kuniaibisha, na wa kumsingizia sina.

Jengo lilikuwa ghala la korosho. Mwenyewe, mfanyabiashara ambaye sote tulimwita Tajiri, alikwenda Dar es Salaam kutafuta magunia akarudi na mashine ya sinema. Matundu ya hewa yakazibwa kwa magunia yale yale ili pawe na giza. Mabenchi yakachongwa kwa boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji, magumu kiasi kwamba watu walikuja na mito yao. Wanawake walikaa kulia, wanaume kushoto, na katikati ikapita kamba iliyotundikwa kanga. Pazia la kuonyeshea lilikuwa vipande viwili vya kitambaa cheupe cha bafta vilivyoshonwa pamoja, na mshono ulipita katikati kabisa. Kwa hiyo kila mchezaji maarufu wa sinema, awe wa Bombei au wa Ulaya, alipofika Kibiti alipata kovu la kutoka utosini mpaka kidevuni.

Mimi nilikuwa mfagiaji wa ghala. Tajiri alipotukusanya akauliza nani haogopi umeme, niliinua mkono. Sikuuogopa kwa sababu sikuwa nimewahi kuuona. Nilitoka Mahege, na kwetu kitu kilichokuwa kikiwaka bila mafuta ya taa kilikuwa kimulimuli.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Pazi, fundi aliyeletwa na mashine kutoka Dar es Salaam, akakaa nami miezi mitatu. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye kunawa mikono kama daktari. Alinifundisha kuushika mkanda kwa kingo zake, kama unavyoshika sahani ya moto, maana kidole kikigusa picha, alama yake hadhira nzima itaiona ikiwa kubwa kama ungo. Alinifundisha kuunga mkanda uliokatika: unakwangua ncha polepole kwa wembe, unapaka gundi nyembamba, unabana, unahesabu mpaka ishirini bila kupumua juu yake. Alisema mashine huendeshwa kwa masikio. Ikinguruma sawasawa, kaa kitako. Ikianza kama mtu anayetafuna karanga, simama. Maneno hayo nimeyatumia hata kwenye cherehani na pikipiki, na hayajanidanganya.

La mwisho alilonifundisha ni kwamba kipande cha mkanda hakitupwi. Ukikata, hata kama ni urefu wa kidole, unakitia kwenye kopo, unaandika kimetoka filamu gani na mahali gani, ili filamu ikirudi Dar kirudishwe kwenye nafasi yake. Nilimjibu, "Ndiyo, mzee," kwa ile sauti ya mtu ambaye tayari anafikiria chakula cha mchana.

Siku yangu ya kwanza peke yangu nilisahau kurudisha mkanda mwanzo. Nikaufunga vile vile ulivyoishia jana yake. Watu wakatokea kwenye pazia miguu juu, wakitembea kinyumenyume. Mimi niliyekuwa nyuma ya mashine nilidhani ni mtindo mpya wa wenzetu, nikaacha. Kutoka upande wa wanaume sauti moja ikauliza kwa adabu kabisa, "Fundi, tusimame kwa kichwa au utageuza mwenyewe?"

Sasa niwaeleze jambo lililozaa balaa lenyewe. Sinema yetu haikuonyeshwa usiku. Jenereta lilikuwa la mashine ya kukoboa mpunga, na asubuhi lilifanya kazi yake ya halali. Tena Tajiri alikuwa ameahidiana na Maalim wa msikiti wa jirani kwamba onyesho litaanza baada ya swala ya Alasiri na kwisha kabla ya adhana ya Magharibi. Maalim hakuwa mkali. Alisema tu kwamba siku atakayoadhini huku watu wamekaa gizani wakitazama wanawake wanaocheza, ghala litarudi kuwa la korosho.

Hesabu ilikuwa haitoshi. Filamu za Kihindi ni ndefu, na kabla yake tulitakiwa kuonyesha filamu fupi za serikali: kilimo bora, kuchemsha maji, kujenga choo. Mchana ulikuwa mmoja, filamu mbili. Ikabidi mtu aamue nini kikatwe, na mtu huyo, kwa akili zangu zile, nikawa mimi. Nyimbo hazikatwi, ningekata wimbo ningehama Kibiti siku hiyo hiyo. Mapigano nayo yalikuwa na wenyewe, vijana wa mabenchi ya mbele. Maneno yalikuwa ya Kihindi, hayaeleweki, nikayakata kwa furaha, kisha nikawa nasimama pembeni nikieleza hadithi kwa Kiswahili. Kihindi chenyewe sikijui hata leo. Mtu akilia kwenye pazia nasema amefiwa; akicheka nasema amepata barua. Watu walinisifu kwa ufasaha.

Halafu nikaigeukia filamu ya serikali ya kilimo cha mpunga, iliyopigwa zamani huku kwetu Rufiji na watu waliokuja na kamera wakaondoka. Ilikuwa na sehemu moja iliyoniudhi. Wanaume wawili wamesimama kando ya jaruba la mpunga, wametazama kamera, hawalimi, hawapandi, hawasemi. Wamesimama. Nikawaona wavivu, nikawakata. Baadaye nilipima muda niliouokoa kwa kosa lile. Haumtoshi mtu kuvua viatu mlangoni mwa msikiti.

Na kopo la Mzee Pazi? Kopo nilitilia sukari. Vipande niliwagawia wenye baiskeli. Enzi hizo baiskeli ilikuwa fahari ya mtu, na mkanda wa sinema ukiuzungushia kwenye spoki, gurudumu likizunguka juani linametameta. Walikuja mmoja mmoja, "Fundi, nipambie na mimi," na mimi nikakata na kugawa kama mtu anayegawa halua ya harusi. Nilikuwa mtu mkubwa sana Kibiti.

Bi Zuhura alikuja siku ya Jumanne. Alitoka Kiongoroni, kule karibu na bahari, kwa mashua hadi Nyamisati na kwa lori la chumvi hadi Kibiti, safari ya siku mbili. Alikuwa na binti yake, Somoe, mwanamwali wa miaka kumi na sita hivi, ameshaposwa. Haya ninayowaambia niliyapata kwake baadaye. Mumewe, Salumu Mbonde, aliondoka na chombo kilichobeba boriti akiwa amemwacha yeye na mimba ya miezi mitano. Chombo hakikuonekana, wala watu wake. Somoe akazaliwa, akakua, akifika kwa watu wanamwambia amechukua macho ya baba yake, naye hajui macho hayo yalikuwaje. Kisha mpita njia mmoja wa mashua za boriti akaleta habari Kiongoroni: amekwenda sinema Kibiti, amemwona Salumu amesimama na mwenzake kwenye shamba la mpunga, anawatazama watu. Msafiri huyo alikwisha kwenda zake Mafia kabla hawajamuuliza la pili.

Somoe akasema haolewi kabla hajamwona baba yake.

Mimi siku hiyo sikujua lolote kati ya hayo. Niliona tu wageni wawili upande wa wanawake, wamekaa mbele kabisa, mama amemshika binti mkono. Filamu ya mpunga ikaanza. Ng'ombe wakapita, majembe yakapita, mama mmoja akapepeta. Ikaisha. Filamu ya Kihindi ilipoanza, mama yule aliinuka, akapita chini ya kanga ya katikati, akaja mpaka kwenye mashine. Wanaume walianza kunung'unika kwamba anawaziba.

"Fundi," aliniambia, "mume wangu umemtia wapi?"

Nilimwambia sina mume wa mtu. Akanieleza: mtu mrefu, kofia, shuka kiunoni, amesimama kando ya jaruba na mwenzake. Nilimjua papo hapo. Nilikuwa nimemtazama mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, na sikuwahi kumwona. Nikafanya ambalo watu wa kazi yangu hulifanya wakibanwa: nikaisingizia mashine. Nikasema leo imeruka, kesho kutwa atatokea, Inshaallah.

Binti yake alikuwa amesimama nyuma yake. Aliniuliza swali moja tu. "Mashine ikiruka, wale watu wanakwenda wapi?"

Walipata pa kufikia, kwa mama mmoja muuza vitumbua. Mimi nilibaki na siku mbili. Nilipiga simu ya posta kwenye ofisi ya filamu Dar es Salaam. Karani akatafuta, akarudi, akaniambia nakala ya filamu hiyo ni moja, na aliyenayo ni mimi. Nikamtafuta Mzee Pazi kwa simu hiyo hiyo, nikamweleza.

"Kopo linasemaje?" akauliza.

"Lina sukari, mzee."

"Basi kanywe chai," akasema, akakata simu.

Sikunywa chai. Nilitoka kutafuta baiskeli. Mnaweza kunicheka, Kibiti nzima ilinicheka. Nilikuwa nasimama barabarani, mtu akipita na baiskeli iliyopambwa namsimamisha, nainama kwenye gurudumu, navuta mkanda taratibu na kuutazama juani, picha moja baada ya nyingine. Picha zenyewe ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Hapa jembe, hapa mkia wa ng'ombe, hapa nusu ya choo bora. Wengine walidhani nahesabu spoki. Nilimsikia muuza samaki akimwambia mwenzake kwamba Fundi kaacha sinema, siku hizi anatibu baiskeli. Kijana mmoja hakuniruhusu kuigusa ya kwake. Alisema nikikata mkanda ule naye atanikata kitu. Nikalala chini ya baiskeli yake huku ameikalia, nikatazama nikiwa nimelala vumbini, na Maalim akapita akitoka Adhuhuri. Aliniuliza kama naumwa.

"Namtafuta mume wa mtu, Maalim," nikamjibu kutoka chini.

Akasema baiskeli zilizopambwa kuliko zote ziko Mahege, kwa wauza nazi. Akaenda zake.

Kwa hiyo nikarudi kwetu. Mahege, kwa muuza nazi aliyeitwa Mkumba, niliupata. Kipande urefu wa kiganja kilichobaki kwenye gurudumu la nyuma. Vingine vilishakatika njiani kati ya Mahege na Kibiti, vimekwenda na matope ya masika. Nilikiosha kwa maji ya kunywa, nikakipuliza, nikakiinua. Wanaume wawili, kando ya jaruba. Picha ilikuwa imekwaruzwa na jua limeila, lakini kofia mbili zilionekana, na mashuka mawili, na nyuso mbili zimetazama mbele. Zilibaki picha nne, na zote nne zilikuwa kama moja, maana watu wale, kama nilivyosema, walikuwa wamesimama tu.

Mkumba aliniuliza kama baiskeli yake itabaki uchi hivyo. Nilimwahidi mkanda wa Kihindi, wenye wachezaji, na nilitimiza.

Nilifika kwa muuza vitumbua baada ya Alasiri. Hapakuwa na onyesho siku hiyo. Nilimwambia Tajiri mashine inaumwa, uongo wangu wa pili juu ya mashine ile ndani ya juma moja. Bi Zuhura alikuwa uani, na Somoe. Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu ya kuomba radhi. Nikatoa kipande, nikasema, "Nilikikata mimi, mama. Si mashine."

Alikichukua. Nilimfundisha kukishika kwa kingo na kukiinua juani. Alikitazama kwa muda ambao sitathubutu kuukadiria. Uso wake haukubadilika, ila kanga ilimwanguka begani na hakuiokota.

"Yupi, mama?" Somoe aliuliza.

Huwezi kunyooshea kidole picha ya ukubwa ule. Ukiweka kidole unawafunika wote wawili. Bi Zuhura akasema, "Wa kushoto," akampa.

Somoe akakiinua. Akatazama, kisha akagusa masikio yake mwenyewe, moja halafu la pili, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Mimi nikaangalia vitumbua. Walisafiri kesho yake na kipande chao, wamekifunga kwenye leso, na baada ya mwezi nilisikia Somoe ameolewa.

Mngeniacha hapo ningekuwa mtu aliyekosea akarekebisha. Nami nilijiona hivyo kwa siku chache, nikatembea Kibiti kifua mbele. Kisha ukakatika mkanda wa filamu moja ya Kihindi, kwenye sherehe ya harusi, nikauunga kwa pupa kama kawaida yangu. Alasiri ile harusi ilipofika, sauti ikapotea, na ukumbi mzima ukaguna. Kutoka upande wa wanawake mama mmoja akasema, "Fundi, hawa wamelelewa na nani? Wote wanakula kwa kushoto."

Nilisimamisha mashine, nikautoa mkanda. Nilikuwa nimeunga kipande kile cha harusi nyuma mbele. Mkanda, wanangu, una pande mbili: mmoja unang'aa, mwingine umefifia, na picha inaonekana kotekote. Ukiutazama kwa upande huu, mtu anakula kwa mkono wa kulia. Ukiugeuza, anakula kwa kushoto. Aliyekuwa kushoto amekuwa kulia. Ukumbi ulikuwa ukinipigia makofi ya kejeli niendelee, na mimi nimesimama na harusi ya watu mkononi nikimfikiria Bi Zuhura, ambaye nilimfundisha kushika kwa kingo na sikumfundisha kwamba kuna mbele na nyuma.

Nilikwenda Kiongoroni kuwaambia. Naapa nilikwenda kwa nia hiyo. Nilimkuta Somoe mwenye nyumba yake, kipande kimebanwa kati ya vioo viwili, kimetundikwa kwenye dirisha linaloingia jua. Alinionyesha baba yake kwa ncha ya sindano, wa kushoto. Akaniambia, "Tazama masikio, Fundi. Haya yangu haya." Nikatazama. Nikasema Mashaallah. Nikanywa uji, nikarudi Kibiti na maneno yangu yote tumboni.

Nilitegemea kwamba ipo siku mama yake atapita karibu na dirisha lile na jambo litajisahihisha lenyewe. Bi Zuhura hakukitazama tena. Somoe aliponiambia hivyo alikuwa ameshamzika mama yake. Kila alipomwita mama yake aje dirishani, alijibu kwamba ameshamwona, inatosha. Wazee wa Kiongoroni waliomjua Salumu waliwahi kuletwa mbele ya kioo kile. Nimeambiwa waligawanyika, wengine huyu, wengine yule, na kila mmoja alikuwa na uhakika.

Video ilipokuja, sinema yetu ilikufa polepole, na mashine ikauzwa kwa uzito wa chuma. Mimi nikashona nguo mpaka macho yakakataa.

Mwaka jana nilikwenda tena Kiongoroni, na safari hii nilisema. Somoe sasa ni bibi wa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakitoa kioo dirishani, akakigeuza mara moja, akatazama, akakigeuza tena. Akaniuliza kama naweza kujua kwa kukiangalia. Nikamjibu naweza kumwambia upande uliofifia ni upi, basi. Upande alioutazama mama yake, kipande hakisemi. Inategemea yeye alisimama wapi alipokipokea. Kama alikuwa ubavuni mwa mama yake, wametazama jua pamoja, upande haukubadilika, na baba yake ndiye huyo aliyekaa naye miaka yote. Kama alikuwa mbele yake, wameelekeana, akakipokea na kugeuka nacho, basi amekuwa akimwombea dua mtu mwingine.

Tulikaa tukikumbuka, sote wawili. Nakumbuka jua lilikuwa upande wa msikiti. Nakumbuka kanga iliyoanguka, na kwamba ilikuwa nyekundu. Nakumbuka vitumbua vilikuwa ishirini na tatu, maana nilivihesabu nisije nikalia. Somoe alisimama wapi, mimi sikumbuki, na yeye hakumbuki.